Adhabu ya Watu Wengine

Bado naamka alfajiri nikisikiliza ni nani anayekohoa upande wa pili wa ukuta. Siku hizi wanaokohoa ni kuku. Nimestaafu, narudi kuwa mtu wa migomba na maharage, na mabinti walionipokea kazi wameniomba niwaachie maneno. Naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengine watakaokuja kulinda wanawake katika jela yetu ndogo, nyuma ya Baraza la mashauri, hapa Karagwe. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea, na la pili halitoshi kujaza mstari.

Jina langu ni Kokusiima. Watu huniita Ma Kokusiima, kwa desturi yetu ya kumheshimu mwanamke mtu mzima. Nilianza kazi siku zile vijana wetu waliokwenda Burma walipokuwa wakirudi na makoti yao mazito. Mume wangu alikuwa amefariki, shamba lilikuwa limechukuliwa na ndugu zake, na mimi nilikuwa narudi kwa baba yangu na sufuria moja kichwani. Kabla yangu, wanawake waliofungwa walilala jikoni kwa mkuu wa walinzi, wakilindwa na mke wake. Siku moja mke huyo alimwambia mumewe achague, ama wafungwa watoke jikoni au atoke yeye. Ndipo kikajengwa chumba cha wanawake na mimi nikaitwa.

Mkuu huyo wa walinzi alikuwa Mzee Feruzi. Asili yake ni Pangani. Alifika huku akiwa askari katika vita vya Mjerumani, akaoa Mnyambo, akasahau kurudi. Alikuwa Mwislamu wa sala tano na mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinipa filimbi na mkanda wa ngozi uliokatwa kwa tumbo la mwanamume aliyeshiba. Niliutoboa tundu jipya kwa msumari, ncha yake ikabaki inaning'inia kama mkia. Ndani walikuwamo wanawake wawili, na aliyetetemeka kati yetu watatu ni mimi.

"Mwanangu," Mzee Feruzi aliniambia, "mfungwa mpya mpe kazi kabla hujampa maneno. Asiketi siku ya kwanza. Akiketi, atasikia kila kitu alichoacha nyumbani."

Alinifundisha pia nisisimame nyuma ya mtu anayelima, kwa sababu mgongo wake utajua na jembe litakwenda vibaya. Alinifundisha kuanika mablanketi juu ya mawe wakati wa jua kali, si juu ya nyasi, maana chawa hupenda nyasi. Na alinifundisha Kiswahili. Nyumbani tulisema Kinyambo, na Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani, kizuri kwa kuombea lakini hakifai kuhesabia majembe.

Katika miaka ile ya mwanzo, wengi walioletwa kwangu walikuwa wamekamatwa wakipika enguli, ile pombe kali ya ndizi ambayo amri ya serikali iliiita moshi. Lubisi, pombe yetu ya ndizi ya kawaida, haikukatazwa. Lakini lubisi ikipikwa katika chungu kilichofunikwa, mvuke wake ukapita katika mrija na kupozwa na maji, inayodondoka upande wa pili inawaka moto ukiigusa na kijinga. Waliokuwa wakiipika wengi wao walikuwa kama mimi: wajane, wanawake walioachwa, watu wasio na kibanja chao cha migomba.

Hodari kuliko wote alikuwa Ma Veronika wa Nyaishozi. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Alikuwa akikamatwa kila baada ya muda, anakaa mwezi wake, anatoka. Alikijua chumba chetu kuliko mimi. Siku moja alipokuwa akitoka aliacha chungu chake cha kupikia maharage kwenye kona.

"Kiwekee mahali, Ma Kokusiima," alisema. "Usiwape wengine. Wanaunguza."

"Ina maana utarudi?"

"Wewe unadhani nakwenda wapi? Sina shamba, sina mtoto wa kiume. Nina mikono na najua kupika. Mungu akinipa kazi nyingine, nitaiacha hii."

Msidhani hakuna aliyeogopa jela. Walikuwapo. Kuna mama mmoja aliyeiba kitambaa katika duka la Mwarabu. Alikaa siku chache tu na hakuonekana tena barazani maisha yake yote. Nilimkuta sokoni miaka baadaye, nikamwuliza kama ni jela iliyomkomesha. Akasema hapana, ni namna mama mkwe wake alivyomtazama siku ile ya hukumu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama adhabu hutisha, namjibu ndiyo, hutisha. Ila mara nyingi haimtishi yule uliyemlenga, na inapomtisha, haimpeleki kule ulikotaka aende. Nitawaeleza nilivyolijua hilo.

Hakimu wa Baraza letu alikuwa Ta Byarugaba; Ta ni heshima yetu kwa mwanamume mtu mzima. Watakaokuja wasimfikirie kuwa mtu mkali asiye na moyo. Alikuwa mtu wa haki, mwenye macho ya upole, na mibuni yake ya kahawa ndiyo iliyokuwa safi kuliko ya mtu yeyote njiani. Mwaka mmoja palikuwa na harusi upande wa Nyaishozi. Vijana walilewa enguli, ukazuka ugomvi juu ya nani amekalia kigoda cha nani, na kijana mmoja akachomwa mkuki. Alikufa kabla jua halijazama. Ta Byarugaba mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mama wa marehemu. Alikuwa mtoto wake pekee. Yule mama hakupiga kelele. Alimshika hakimu mkono akamwomba amwahidi kwamba jambo hili halitampata mama mwingine. Naye akaahidi.

Mwenye mkuki alipelekwa Bukoba kwenye mahakama kubwa. Lakini Ta Byarugaba alibaki na ile ahadi. Alitangaza barazani kwamba mwanamke wa kwanza atakayeletwa mbele yake kwa kupika enguli atapata hukumu ambayo nchi nzima itaisikia. Kila mtu alijua anamsema nani. Hata Ma Veronika alijua.

Aliyeletwa hakuwa Ma Veronika. Alikuwa Generosa wa Ihanda, mwanamke kijana ambaye mumewe alikwenda Buganda kutafuta kazi ya pamba na hakuleta habari. Alikuwa na mtoto mgongoni, Deo, ambaye hajaota meno, na binti mdogo, Tereza, aliyeshikilia gauni lake. Hakuwahi kupika enguli kabla ya siku ile. Alipika vibaya, moshi ukajaa kijiji kizima, na askari wa mkungu, mkuu wa kijiji, wakaufuata kama watu walioalikwa.

Mimi ndiye niliyesimama karibu naye barazani, kama ilivyokuwa kazi yangu. Alikiri kosa bila kuzungusha. Ta Byarugaba alimtazama kwa muda mrefu, na niliona kwamba alikuwa akimtafuta mtu mwingine katika uso ule.

"Generosa," alisema, "kosa lako ni dogo, tena ni la kwanza. Kama ningekuhukumu kwa ajili yako peke yako, ungekaa mwezi ukarudi nyumbani. Lakini leo sikuhukumu kwa ajili yako. Nakuhukumu kwa ajili ya wote wanaosikia. Utakaa mwaka."

Watu walishusha pumzi pamoja. Generosa alipiga magoti vizuri, kama mtu anayesalimu wakubwa, akauliza kwa sauti ya chini:

"Ta Byarugaba, kama ni kwa ajili yao, mbona wao wanarudi nyumbani?"

Hakuna aliyecheka. Hakimu akamwambia karani aite shauri linalofuata. Bibi wa Ihanda, mama yake Generosa, alimbeba Tereza akaondoka naye. Tulisikia kilio cha mtoto yule mpaka walipopinda njia penye miti ya mikaratusi, na hata baada ya hapo.

Jioni ile nilimwuliza Mzee Feruzi kama hukumu ile ni sawa.

"Nitakwambia nilichokiona jeshini," alisema. "Kuna askari aliiba chumvi. Wakatupanga sote uwanjani tutazame akichapwa, ili tuogope. Alichapwa mpaka akazimia. Na wakati sote tumesimama pale tunatazama, mtu mwingine akaiba chumvi ya wapishi."

"Wewe ulijuaje, Mzee?"

"Niliila."

Alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Yule aliyechapwa aliitwa Juma," alisema. "Hakutembea sawasawa tena. Mimi hukumbuka jina lake kila ninapotia chumvi."

Mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya haachi kumfikiria yule aliyemwacha nyumbani. Hili, binti zangu, mlijue mapema. Generosa alikuwa hodari wa kazi. Alilima, alichanja kuni, alisuka mikeka ya majani ya migomba. Lakini wakati wa kula alikuwa akikata kiazi vipande viwili, anashika kimoja mkononi muda mrefu, halafu anakirudisha kwenye sahani. Mama yake alimleta Tereza mara moja tu. Wakati wa kuondoka mtoto alilia mpaka akatapika, na yule bibi akasema hatamleta tena, maana safari ya kurudi ilikuwa ndefu na yeye amezeeka. Generosa alikubali. Bibi alipokuja tena peke yake, Generosa alimwambia, "Mama, mwambie nakuja." Yule bibi akajibu, "Namwambia kila siku, mwanangu. Ameacha kuuliza."

Deo alikulia kwetu. Aliota meno ndani ya ukuta ule, akajifunza kusimama kwa kushika ndoo, na siku alipopiga hatua zake za kwanza wanawake walikaa kwenye duara uani, kila mmoja amenyoosha mikono, wakipokezana jina lake. Alitoka kwa mwizi wa mbuzi akaenda kwa mwanamke aliyempiga mke mwenzake, kisha akaniangukia mimi. Mzee Feruzi alikuwa amesimama langoni. Aligeuka haraka akaanza kuukagua ukuta, kana kwamba umepata ufa.

Miezi ilipita na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeletwa kwa enguli. Ta Byarugaba alipokuja kukagua jela aliniuliza kuhusu hilo.

"Hawaletwi, Ta," nilijibu.

"Unaona?" alisema. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu aliyebeba mzigo mzito na sasa anaona nyumba. "Ni vibaya kwa huyu mmoja. Najua ni vibaya. Lakini huenda kuna kijana mahali fulani anayelima leo ambaye angekuwa amekufa. Je, yeye tumwambie nini?"

Hata leo swali lile silidharau. Nilitazama chungu cha Ma Veronika kwenye kona, kimeingiwa na buibui, nikadhani labda kweli ameacha.

Kisha mama yake Generosa akaja siku ya kuleta chakula. Waliongea na binti yake kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, na nikamwona Generosa akishika kichwa. Bibi alipoondoka, Generosa alinijia nilipokuwa nikikunja mablanketi.

"Ma Kokusiima, nikikwambia jambo, nakwambia kama mlinzi au kama mama?"

"Mimi nina masikio mawili tu," nilisema. "Sema."

Ndipo akaniambia habari aliyoileta mama yake. Ma Veronika hakuacha. Baada ya hukumu ile alihama Nyaishozi, akaenda Kituntu kwa kaka yake, na huko akawa anapika ndani ya nyumba, katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa na matundu yamezibwa kwa majani ili moshi usionekane. Zamani alipikia bondeni, kwenye hewa, karibu na maji. Safari hii chungu kilipasuka, enguli ikashika moto, naye akaungua mkono, bega na shingo. Watu wa nyumbani walimpaka samli na majani wakamficha. Hawakutaka kumpeleka zahanati kwa sababu dresa, yule mfunga vidonda wa pale, angeuliza ameunguaje, na wote waliwaza ule mwaka wa Generosa. Sasa kidonda kilikuwa kinanuka, na mgonjwa ameanza kuweweseka.

"Kama si mimi kufungwa mwaka," Generosa alisema, "wangempeleka."

"Wewe hukujifunga."

"Najua. Lakini ni jina langu wanalolitaja."

Nilikwenda kwa Mzee Feruzi. Alikuwa amemaliza sala ya alasiri, anakunja mkeka wake. Nilimweleza yote.

"Kwanza," alisema, "wewe ni mlinzi wa jela. Umeambiwa kosa. Ukinyamaza, umekosa."

"Na nikisema, askari watakwenda, watu wa Kituntu watamhamishia porini, afie huko."

"Ndiyo maana hutawaambia askari." Alijipangusa vumbi la magoti. "Utamwambia aliyetoa hukumu. Twende wote wawili, na mimi nitakaa kimya, kwa sababu wewe ndiye unayemjua mgonjwa."

Tulimkuta Ta Byarugaba katika kibanja chake, anapunguza matawi ya mibuni kwa kisu kidogo. Nilipiga magoti nikamsalimu; Mzee Feruzi akasimama kando na kofia yake mkononi. Nilieleza habari moja kwa moja, bila kuipamba.

"Kwa hiyo hakuacha," alisema hakimu.

"Hakuacha, Ta. Alijificha."

"Nilisema wazi. Kila mtu alisikia."

"Walisikia, Ta. Walisikia vizuri mno. Ndiyo maana hawamleti."

Aliendelea kukata. Alikata tawi lenye matunda mabichi, na sidhani kama alikusudia. Alilitazama pale chini.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Sijui sheria, Ta. Najua yule mwanamke tu. Amelala kwetu mara nyingi. Akifa, watu hawatasema amekufa kwa enguli. Watasema amekufa kwa kuogopa."

Alikiweka kisu chini. Kisha akamwita mkewe amletee fimbo ya kutembelea, na hakuvaa koti lake la Baraza. Tulimpitia dresa wa zahanati na mfuko wake wa dawa. Askari hakuchukuliwa hata mmoja.

Kituntu tulifika miguu imejaa vumbi. Kaka yake Ma Veronika alikuwa mlangoni, amekaa kwa namna ambayo mtu hukaa anapoziba mlango. Alisimama, akasalimu kwa adabu zote.

"Shikamoo, Ta. Karibuni. Hapa hatuna mgonjwa."

Hatukuwa tumeuliza. Na harufu ilikuwa imetufikia sote tangu penye uzio.

"Nimekuja kumwona dada yako," Ta Byarugaba alisema. "Sikuja kumkamata."

"Nashukuru, Ta. Lakini neno lako la barazani lilifika mpaka huku. Tulilishika."

Lile "tulilishika" lilisemwa kwa heshima kabisa, na niliona likimwingia hakimu kama mwiba. Alitafuta mahali pa kukaa, hakuna aliyemletea kigoda, akakaa chini kwenye majani, mtu mzima yule na kanzu yake nyeupe.

"Basi lishike na hili," alisema. "Mwanamke aliyeungua hatafungwa. Nasema mbele ya huyu mlinzi wa jela, mbele ya Feruzi, mbele ya dresa. Nikivunja neno hili, waje wanidai kila siku ya Baraza. Sasa mfungulie dresa, ndugu yangu. Tafadhali."

Sikuwahi kumsikia hakimu akisema tafadhali. Kaka mtu alimtazama, akanitazama mimi, na hakusogea. Aliyetuokoa ni sauti kutoka ndani, dhaifu, lakini bado ya mtu wa kuita ng'ombe.

"Ni Ma Kokusiima huyo? Waache waingie. Chungu changu kipo?"

"Kipo," nilijibu. "Hakuna aliyekiunguza."

Dresa alifanya kazi ndani muda mrefu, mimi nikishika taa ya chemli katika chumba kile kisicho na dirisha. Sitawaeleza kidonda. Ma Veronika hakupiga kelele. Aliuma kanga yangu. Hakimu aliingia mwishoni, akainama kwa sababu dari ilikuwa chini.

"Ta Byarugaba," Ma Veronika alimwambia, "usiseme hukuniweza. Ulinitisha kweli. Nilikuogopa kuliko moto."

Hakimu alitoka akaenda kukata miti. Tukatengeneza machela kwa miti na blanketi, na tulipoinyanyua, mti mmoja wa mbele aliushika yeye. Njiani watu walitoka mashambani kutazama. Walinzi wa jela, dresa, hakimu na mpika enguli, wote katika msafara mmoja. Sidhani kama Karagwe ilikuwa imewahi kuona kitu kama kile. Mzee Feruzi alikuwa amezeeka lakini alikataa kupokewa. Alisema amebeba mabwana wakubwa wengi katika maisha yake, na hakuna aliyekuwa mwepesi kama huyu.

Ma Veronika alipona. Mkono wa kushoto ulijikunja na haukunyooka tena, na shingo ilibaki na kovu alilolifunika kwa kitambaa.

Siku ya Baraza iliyofuata Ta Byarugaba alisimama kabla ya mashauri kuanza. Alisema kwamba amemwandikia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kuomba hukumu ya Generosa ipunguzwe. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nilimpa mwanamke huyu adhabu ya watu wengine. Wale watu hawakuichukua. Yeye peke yake ndiye aliyeibeba, na mzigo wenyewe haukuwa wake." Baadaye nilisikia kwamba alikwenda pia kwa yule mama aliyefiwa na mwanawe, kumweleza kuwa ameshindwa kutimiza ahadi. Yule mama alimpa maji ya kunywa, akamwambia, "Sikukuomba mtoto wa mtu mwingine alie. Hilo sikukuomba."

Msinielewe vibaya. Enguli haikwisha, na ukali wa baadhi ya walevi haukwisha. Ta Byarugaba aliendelea kuwafunga wapishi mwezi wao, na aliwakataza watu kuingia na mikuki kwenye harusi, jambo lililookoa watu wengi kuliko hukumu yoyote. Ila kuanzia siku ile, kila alipotaja kifungo, alikuwa akimtazama yule aliye mbele yake, na hakumtafuta mtu mwingine usoni mwake. Ma Veronika alipewa kazi ya kuwapikia wagonjwa wa zahanati, kwa mkono mmoja na nusu, na chungu chake nilimpelekea mwenyewe.

Jibu la Bwana Shauri lilichelewa, kama majibu yote, lakini lilikuja, na Generosa akatoka kabla mwaka haujaisha. Niliomba ruhusa nimsindikize Ihanda. Mzee Feruzi alisema haikuwa desturi. Kisha akaniuliza kama nina chakula cha njiani.

Tulitembea tukipokezana kumbeba Deo. Generosa alizungumza njia nzima, juu ya maharage, juu ya mvua, juu ya mibuni ya watu, na kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyopunguza maneno. Mama yake alikuwa uani akimenya ndizi. Tereza alikuwa kando yake, amerefuka, amekaa kwenye gogo la mgomba lililolazwa chini. Alipotuona alijificha nyuma ya bibi yake.

"Tereza," bibi alisema, "ni nani huyu aliyekuja?"

Mtoto alitoa jicho moja. "Ni mgeni," alisema.

Nilitazama kando. Generosa alimtua Deo chini, akamsalimu mama yake kwa magoti, akatafuta kisu, akakaa upande wa pili wa majani akaanza kumenya. Alimenya polepole, bila kumtazama binti yake, kama mtu anayemngoja ndege atue. Tereza alikaa palepale, amegeuza mgongo.

Deo ndiye aliyeinuka. Alitembea kwa hatua zake za kuyumba kuelekea nyumbani, ndani kulikokuwa na moto na harufu ya chakula. Alipofika mlangoni, akasimama. Mlango ulikuwa wazi. Yeye akasimama pale kwenye kizingiti, mikono imeshuka, amegeuza uso akinitazama mimi, akingoja.

Bibi hakuelewa. "Mbona haingii?" aliuliza. Generosa alielewa, kisu kilisimama mkononi mwake. Mimi nilielewa: tangu ajue kutembea, kila mlango nilimfungulia mimi.

Tereza alimtazama yule mtoto mdogo kwa muda. Halafu alitoka nyuma ya bibi yake, akapita mbele ya mama yake karibu kabisa, gauni lake likamgusa goti, akamshika Deo mkono.

"Ingia tu," alimwambia. "Huku hakuna anayefunga."

Akamvuta ndani. Tukasikia akimwonyesha vitu vya nyumba ile kimoja kimoja: hiki ni kigoda, hili ni jiwe la kusagia, hapa ndipo ninapolala. Kisha sauti yake ikaja mlangoni tena, bado yenye mashaka, ikamwuliza Generosa:

"Na wewe, unalala wapi?"